Jinsi nilivyoondokana na vidonda vya tumbo

Kwa miaka miwili nilimeza dawa za kupunguza asidi. Kila nilipoziacha, moto ulirudi kwenye chembe ya moyo, hasa usiku tumbo likiwa tupu. Kumbe madaktari Marshall na Warren wa Australia walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria H. pylori na mchango wake katika vidonda!

Hatimaye daktari aliagiza kipimo cha choo. Dawa ya asidi niliisimamisha wiki mbili kabla, maana huweza kuwaficha bakteria. Walikuwepo. Nikapewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya asidi, siku 14. Mdomo ukajaa ladha ya chuma. Siku ya sita nilitamani kuacha. Jamani, msikatize dozi, bakteria huwa sugu. Wiki nne baada ya kumaliza nilipima tena: hawapo.