Blanketi la viraka la mjukuu, na ushauri wote nilioukataa

Binti yangu alipotangaza kwamba ni mjamzito, kila aliyewahi kushika sindano aligeuka mwalimu wangu. Mimi, niliyeanza kushona viraka huyo mama mtarajiwa akiwa hajaota meno! Lakini ngoja niseme waliyoniambia, maana mengine yalinikera hadi nikashona kwa hasira, na hasira ikanisaidia kumaliza.

Wa kwanza akasema liwe jeupe. Wa pili akataka satini pembeni. Wa tatu akataka vifungo viwe macho ya sungura, na utepe wa kufunga shingoni mwa sungura huyo. Wote, bila kupishana, wakasema niweke ndani, kati ya vitambaa, pamba nene kabisa ili mtoto alale joto.

Nilichokuwa nacho kichwani ni kimoja tu: hili ni la kuchafuliwa. Mtoto atalitapikia maziwa, atalikojolea, atalinyonya kona zote nne, na mama yake atalitupa kwenye mashine ya kufulia bila kunikumbuka. Likishindwa hayo, basi nimeshona pambo la ukutani. Kwa hiyo vifungo hapana, kwa sababu kifungo kikikatika kinaishia mdomoni. Utepe hapana. Satini hapana, haipendi pasi wala cherehani.

Hiyo pamba nene ndiyo iliyonigombanisha na watu. Mtoto mchanga halali na blanketi la viraka. American Academy of Pediatrics, jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani, inasisitiza mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala blanketi wala kitu kingine laini karibu naye, mpaka atimize mwaka. Nilipolisema hilo nikaambiwa, "Sisi wetu mbona hawakufa?" Sikujibu. Blanketi langu ni la sakafuni, mchana, mtoto akiwa macho amelazwa kifudifudi akijifunza kuinua kichwa na sisi tumemkodolea macho. Kwa kazi hiyo pamba nyembamba ndiyo yenyewe. Nene inamdidimiza, inachelewa kukauka, na kuipitisha chini ya mguu wa cherehani ni adhabu.

Rangi nazo nilibishiwa. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, na kinachomvuta ni rangi zinazopingana sana. Zile rangi za maziwa na waridi hafifu zinawafurahisha watu wazima. Nikachagua nyeusi, nyeupe na nyekundu, na bluu kidogo kwa ajili ya roho yangu. Kama huna uhakika kama rangi zako zinapingana, panga viraka, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vile vilivyoonekana tofauti machoni vitaungana kuwa kijivu kimoja na utashangaa. Nyekundu yangu moja iliondolewa na simu namna hiyo.

Sasa nyekundu. Wifi yangu, ambaye nampenda, alikuja na chupa ya siki akisema niloweke humo pamoja na chumvi ili rangi ishike. Ushauri huu una miaka na miaka na haufi. Asidi inasaidia kwenye zile rangi zinazopikwa pamoja na sufu na hariri. Kitambaa cha pamba cha dukani kinachochuja kina rangi ya ziada ambayo haikusuuzwa kiwandani, na siki haiigusi. Ili kumnyamazisha nilikata kipande, tukakiloweka kwa maelekezo yake yote, tukakikausha, halafu nikakilowesha tena na kukikandamiza kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe kikatoka na shavu la waridi. Wifi akasema siki ilikuwa ya zamani.

Dawa ni maji ya moto na sabuni, unafua na kurudia mpaka maji yatoke meupe, na unafua kabla ya kukata. Ukisubiri kufua likiwa limeshonwa, nyekundu itahamia kwenye nyeupe na utalia. Tena pamba husinyaa, na vitambaa viwili havisinyai sawasawa.

Kukata na kuunganisha sitaeleza sana, mnajua. Niliweka miraba miwili uso kwa uso, nikachora mstari wa pembe kwa pembe, nikashona robo inchi kila upande wa mstari, nikakata katikati: miraba miwili yenye pembetatu bila kushika pembetatu hata moja. Nilikata ya inchi 5 kisha nikaipunguza hadi inchi 4 na nusu. Kuna wanaokata kwa hesabu kamili ili wasipoteze kitambaa. Wana moyo. Ila robo inchi iheshimiwe. Mshono ukizidi milimita 1 tu, umekula milimita 2, moja kila upande. Safu yangu yenye miraba 9 ina mishono 8, yaani umepoteza zaidi ya sentimita moja na nusu, na safu ya chini haitakutana na ya juu hata ukiivuta kwa meno. Na mishono ya safu ya kwanza uilaze kulia, ya pili kushoto, zikikutana zinang'ang'aniana zenyewe.

Ukubwa: inchi 36 na nusu kila upande. Vitambaa vingi vya pamba vya kazi hii vina upana wa inchi 42 hadi 44, kwa hiyo mgongo, yaani kitambaa cha upande wa chini, unatoka kipande kimoja bila kuungwa. Gharama sikuweka kumbukumbu. Pamba ya kati ndiyo iliyonitoa jasho, vingine nilikuwa navyo kabatini tangu enzi, na mzee wangu hajui kabati hilo lina kina gani, tafadhali msimwambie.

Haya, sasa niliposubiri kusimulia. Kuunganisha tabaka tatu: mgongo, pamba, uso wa viraka. Kila anayefundisha anasema tandaza sakafuni, bandika mgongo kwa utepe wa gundi, tambaa ukichomeka pini za usalama kila baada ya kiganja. Tambaa! Kwa magoti haya? Nilijaribu. Nilishuka vizuri. Kuinuka ndiko kulikohitaji kikao cha familia. Na nilipofika kona ya nne, pamba ya kona ya kwanza ilikuwa imeshajikunja, na mgongo ulipogeuzwa ulikuwa na mikunjo kama uso wangu asubuhi. Nikatoa pini zote.

Nikaenda kwenye mbao. Unachukua mbao mbili laini, ndefu kuliko upana wa blanketi, zisizo na vibanzi. Mgongo unaupiga pasi, unauviringisha kwenye ubao mmoja ukiwa umenyooka. Uso unauviringisha kwenye ubao wa pili. Kisha unakaa. Narudia: unakaa kwenye kiti, mbele ya meza, na kikombe chako pembeni, mbali na kitambaa. Unafungua mgongo kidogo juu ya meza, upande mbaya ukitazama juu, unaweka pamba, unafungua uso juu yake, unalainisha kwa viganja, unapiga bandi kwa uzi wa rangi hafifu na mishono mirefu ya kwenda na kurudi. Ukimaliza eneo hilo unalivuta literemke ukingo wa karibu nawe, unafungua jingine. Uzito wa mbao unanyoosha kitambaa bila wewe kukivuta, na hiyo ndiyo siri, kwa sababu kitambaa kilichovutwa kitarudi baadaye na kukutengenezea mikunjo. Niligeuza nyuma: hakuna kunyanzi hata moja. Nilimwita mzee wangu aje aone. Akaona. Nikamwita tena.

Pia ukiacha pini za usalama huna ya kuisahau ndani ya blanketi la mtoto.

Nilishona juu yake mistari iliyonyooka, nikianzia katikati kwenda nje. Soma karatasi ya pamba kuhusu umbali wa juu unaoruhusiwa kati ya mishono. Ukiuzidisha, pamba itakusanyika kwenye fua. Wapo waliotaka nifunge mafundo ya nyuzi, ni haraka. Uzi unaoning'inia unaweza kumzonga mtoto kidole cha mguu na kuzuia damu, kwa hiyo kila ncha niliifundika, nikaichomeka ndani kwa sindano na kuikata.

Upapi wa pembeni, ule ukanda wa kufunika kingo, nilikata inchi 2 na nusu, nikaukunja mara mbili, nikaushona kwa cherehani pande zote mbili. Ndiyo, kwa cherehani. Kuna mtu alishika kifua. Mshono wa mkono unapendeza lakini haujakutana na mashine ya kufulia. Wala sikukata hanamu, kingo zimenyooka, hanamu ya nini? Kwenye kona unasimama robo inchi kabla ya mwisho, unaukunja upapi juu, unaushusha, unaendelea.

Limeshafuliwa kwa makusudi, likatoka na yale makunyanzi madogo mazuri ya pamba ya kati iliyosinyaa. Mjukuu bado. Tarehe ya daktari imepita na binti yangu anapigiwa simu na kila mtu, kana kwamba hawajui kwamba ni kama mtoto 1 kati ya 20 tu anayezaliwa siku ileile iliyotajwa. Mimi sipigi. Nimeanza la pili, kwa sababu la kwanza likiwa linakauka mtoto atalazwa juu ya nini? Wawili kati ya wale washauri wameshaniomba niwashonee na wao. Nimewaambia walete vitambaa vyao, viwe vimefuliwa, na siki waache nyumbani.