Sili mbili bure: nilivyokomesha oili kuvuja kwenye PTO ya trekta

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia "badilisha sili tu, itakata". Mimi nimebadilisha sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke kando ya shafti, mara mbili ndani ya msimu mmoja na oili ikaendelea kumwagika vilevile, mpaka nilipolala mwenyewe chini ya trekta nikaikagua kwa ukucha wangu shafti ya PTO, ile inayotokea nyuma ya trekta kuzungusha mashine.

Niko Kiteto. Trekta yangu ni mtumba, farasi 50 hivi, wakati wa kulima inavuta plau, mahindi yakikauka nafunga nyuma mashine ya kupukuchulia naizungusha kwa PTO, ile ya mizunguko 540 kwa dakika, shafti ya meno 6. Kupukuchua ndiko kunakosomesha watoto wangu, nalipwa kwa gunia. Sasa kwenye hii trekta oili ya gia, difu na haidroliki ni moja, lita 30 na ushee, ikipungua haidroliki inaanza kulia na mikono ya nyuma inagoma kunyanyua plau. Na ikivuja huku PTO inazunguka hairuki chini tu, inarushwa kwenye mashine nzima. Mama mmoja aliangalia zile tone akaniambia, "Baba, haya mahindi yangu yanaenda Kibaigwa, yakinuka oili nani atayanunua?" Iliniuma sana maana alikuwa na haki.

Fundi wa kwanza alichokonoa sili kwa bisibisi, akaweka mpya akaigongea kwa nyundo huku na huku, dakika 20 kamaliza, elfu thelathini yake. Siku mbili oili ikarudi. Akasema, "Bosi hiyo sili feki, leta ya bei." Nikaleta ya bei, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, safari hii akaipaka na silikoni nyingi nje kama anaziba bati. Wiki ikapita, ikavuja kuliko mwanzo. Silikoni haiwezi kuzuia chochote pale, oili inapita kwenye mdomo wa sili unaosugua shafti, sasa ukipaka nje unaziba nini? Mwingine akanishauri niweke oili nzito ili isipite. Jamani msifanye hivyo, mtaua haidroliki kwa ajili ya sili ya elfu kumi na kitu.

Mara ya tatu nikasema nafanya mwenyewe. Oili sikuimwaga, na hii naisema kwa kujivunia maana kila mtu aliniambia niandae madumu. Niliipeleka trekta kwenye mteremko, pua chini, nikazuia tairi zote kwa mawe makubwa, nikaiacha usiku kucha oili ikimbilie mbele. Asubuhi nikafungua kava la nyuma, iliyotoka haikufika hata lita.

Nikavuta shafti nje nikaifuta kwa dizeli. Kwa macho ilikuwa inang'aa, nzuri kabisa. Nikapitisha ukucha taratibu kuelekea kwenye meno, ukanasa. Nikarudia, ukanasa palepale. Sili za miaka yote zimekula shafti zikachimba kamfereji kembamba kama uzi kuzunguka pote, na kila sili mpya ilikuwa inakaa juu ya kamfereji kalekale! Nilibaki nimeshika ile shafti nacheka peke yangu kwa furaha, maana hatimaye nilikuwa nimemwona mwizi.

Kuna wanaovalisha pete ya chuma juu ya sehemu iliyoliwa, lakini huku kuipata ni safari. Nilichofanya, nilipima nikaona nyumba ya sili ina nafasi, nikaiweka sili mpya ikiwa imetoka nje kama milimita 3 kuliko ya zamani, mdomo ukaangukia chuma kizima. Upande wenye kaspringi unaangalia ndani kwenye oili, usigeuze. Kuiingiza sikugonga kwa nyundo tupu, niliweka ile sili kuukuu juu yake na kipande cha bomba kipana, nikagonga polepole inazama sawa pande zote.

Halafu meno. Yale meno ni visu, sili ikipita juu yake mdomo unachanika na huoni, nina hakika zile mbili za mwanzo ziliumia hapo pia. Nilikata chupa ya maji ya plastiki nikaizungushia kwenye meno, nikapaka grisi, sili ikateleza juu yake, nikachomoa plastiki. Imeingia bila hata mkwaruzo.

Beringi nilibadilisha maana shafti ilikuwa inacheza ukiishika kwa mkono, na shafti inayocheza hakuna sili itakayoivumilia. Oringi ya kava, ile pete ya mpira, nayo pia. Halafu lile tundu la kupumulia kule juu, nalo nililikuta limezibwa na vumbi na pumba, gumu kama saruji. Oili ikichemka presha haina pa kutokea, itatafuta sili tu. Nililizibua kwa waya na dizeli, bure kabisa, na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuliangalia.

Jumla kila kitu kilikula kama laki moja hivi, beringi ndiyo ilikuwa ghali. Ukienda dukani beba sili ya zamani, namba za vipimo zimeandikwa usoni kwake.

Tangu siku ile tumepukuchua gunia zaidi ya 900. Kila asubuhi kijana wangu anapitisha kidole chini ya shafti kabla hatujawasha, na kidole kinarudi na vumbi la mahindi tu.