Siku Moja Maishani Mwangu: Hadithi Inayosomwa kwa Kidole

Saa kumi na mbili asubuhi ninapanda matatu kutoka Kayole, Nairobi, kwenda kuwafundisha watoto wasiotamka, nikiwa nimepakata mkoba wenye vitabu vitatu vya hadithi na ubao wa picha ambazo mtoto huzigusa ili kuzungumza, niliouchapisha na kuufunika kwa plastiki ili usiraruke.

Saa mbili ninachagua maneno ya ubaoni. Picha za fisi na mfupa zimo, lakini nafasi kubwa naziachia "taka", "enda", "tena" na "hapana", kwa kuwa ndiyo maneno ambayo mtoto atayahitaji mezani na uwanjani hadithi ikiisha.

Saa tatu ninaketi na mvulana wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo, ambaye anaelewa mengi ila hatamki. Ninaposoma "Fisi alitaka nyama," kidole changu kinagusa picha ya "taka". Kisha ninanyamaza na kuhesabu moyoni hadi kumi, kimya ambacho watu wazima wengi hukivunja mapema mno. Leo, kwa kifundo cha kidole, amegusa "hapana". Nikamwitikia, "Hapana, fisi hataki mfupa, anataka nyama!" Hapa Kiswahili kinatudai uangalifu, maana picha moja ya "taka" hubeba alitaka, anataka na hataki, na mtoto asiposikia maumbo hayo yote yakisemwa juu ya picha hiyohiyo, atabaki na mzizi mtupu.

Saa tano ni zamu ya msichana mwenye usonji anayetumia kishikwambi kuzungumza. Tunarudia kitabu cha juzi na jana.

Saa nane anafika mama wa yule mvulana. Ninamwomba apunguze kuuliza "Hii ni nini?" kila ukurasa, kwa sababu hadithi hugeuka mtihani.

"Lakini mwalimu, nikigusa picha mimi, si nitakuwa ninamsemea?"

"La, mama. Mtoto anayetamka husikia maneno kwa miezi mingi kabla ya kusema la kwanza. Huyu wako ni nani amewahi kuzungumza naye kwa picha hizi?"

Akanyamaza, kisha akauvuta ubao karibu na kuanza kumsomea, polepole, akigusa na kungoja.

Saa kumi ninaandika daftarini kwamba ile "hapana" mvulana aliisema bila kuelekezwa. Kabla ya kuondoka ninaihamishia upande wa kushoto wa ubao, ambako mkono wake unafika kwa urahisi zaidi.