Limuru na sisi wapi na wapi?

Kila Alhamisi jioni akina mama saba tunakutana sebuleni kwangu, Kisauni, Mombasa, kuwaombea wanafunzi wa theolojia wa chuo cha St. Paul's kule Limuru. Watu huniuliza, Limuru na nyinyi wapi na wapi? Chuo kile kilizaliwa hapa hapa Frere Town, mwaka 1903, jirani na ile kengele ya Kengeleni mnayoipita na matatu kila siku. Kikahamia bara 1930. Mtoto wetu huyo, ameolewa mbali tu.

Juzi bakuli lilitoka na shilingi 1,340. Jirani yangu muuza mahamri alitia noti ya mia mbili inayonukia iliki! Nimeshatuma kwa simu. Wiki hii tunaombea karo, na baridi pia: mpwa wangu kaenda huko na sweta moja.