Kutoka Maabara ya Vimelea hadi Sera za Usalama wa Taifa

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Nairobi ilikuwa kuchunguza jeni za vimelea vinavyoua mifugo na watu, hasa bakteria wa kimeta (anthrax). Ugonjwa huu hutokea kiasili nchini Kenya, hivyo sampuli zake hufika maabara katika shughuli za kawaida za tiba. Hata hivyo, bakteria huyohuyo ndiye aliyetumwa kwa barua nchini Marekani mwaka 2001, na watu 5 wakafa. Nilipotafakari jambo hilo, niliona kwamba friza niliyoifungua kila asubuhi ilikuwa pia suala la usalama wa taifa.

Nilipoamua kuhamia upande wa sera, nilianza na sheria. Mkataba wa Silaha za Kibayolojia, unaopiga marufuku silaha za vimelea na sumu zake, na ulioanza kutumika mwaka 1975, hauna chombo cha ukaguzi, kwa hiyo mzigo unabaki kwa kila nchi. Nalo Azimio 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2004, linazitaka nchi zizuie silaha hizo zisiangukie mikononi mwa makundi yasiyo ya kiserikali, kama vile magaidi. Sheria yetu ya usalama wa kibayolojia ya mwaka 2009 iliandikwa kwa ajili ya viumbe vilivyobadilishwa jeni, ilhali kimeta kilichotoka kwa ng'ombe hakijabadilishwa na mtu yeyote. Pengo hilo mwanamaabara huliona upesi kuliko wakili.

Kilichonijenga zaidi ni kuandika. Mkuu wangu mpya, mwanasheria, alisoma waraka wangu kuhusu uhifadhi wa sampuli kisha akauliza, "Daktari, unataka Katibu Mkuu wa wizara atie saini nini?" Tangu hapo kila waraka wangu hutaja uamuzi kwanza: nani atunze orodha ya sampuli, nani awe na ufunguo, na nani aarifiwe chupa ikikosekana. Pia husisitiza, kwa kuwa ninaliamini sana, kwamba masharti yasiwe mazito kiasi cha kumchelewesha daktari wa mifugo wa Marsabit anayesubiri majibu.

Maabara sijaiacha. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha jinsi walivyounda kirusi cha ndui ya farasi, jamaa wa kirusi cha ndui ya binadamu, kwa vipande vya DNA vilivyoagizwa kutoka kiwandani, na swali ninaloshughulikia sasa ni nani anayekagua maagizo ya namna hiyo yanapoingia nchini.