Kabla ya kuuza programu ya sauti, soma leseni za maktaba ulizotumia

Ni nadra sana kwa msanidi wa programu za sauti kuandika kila kitu mwenyewe. Kazi ya kubana sauti, kusoma faili za miundo mbalimbali na kuwasiliana na kadi ya sauti ilikwishafanywa na wengine kwa ustadi mkubwa, na matunda yake yako wazi kwa kila mtu kama maktaba za chanzo huria, yaani mikusanyo ya msimbo ulio tayari ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuutumia ndani ya programu yake. Wasanidi wenzangu huniuliza mara kwa mara kama inafaa kuziingiza maktaba hizo katika bidhaa ya kuuzwa. Inafaa kabisa, kwa kuwa hakuna leseni halisi ya chanzo huria inayokataza biashara. Lakini kila leseni ina masharti yake, nami naamini kwa dhati kwamba masharti hayo ndiyo malipo aliyoyadai mwandishi wa maktaba, hivyo kuyapuuza ni kuchukua mali ya mtu bila kulipa.

Maktaba zenye masharti mepesi hazihitaji maelezo marefu. Opus, ya kubana sauti, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, hutolewa kwa leseni ya BSD, na PortAudio, ya kuwasiliana na kadi ya sauti, kwa leseni ya MIT. Unachodaiwa ni kuambatanisha tamko la hakimiliki pamoja na maneno ya leseni, kwa mfano katika ukurasa unaoieleza programu.

Ugumu uko kwenye LGPL, ambayo ndiyo leseni ya LAME (ya kutengeneza MP3), ya libsndfile (ya kusoma na kuandika faili za sauti) na, kwa kawaida, ya FFmpeg (ya kushughulikia miundo mingi ya sauti na video). Leseni hii inakuruhusu kuufunga msimbo wako mwenyewe, yaani kutouonyesha, ila inataka mnunuzi aweze kuiondoa maktaba hiyo katika bidhaa yako, aweke toleo alilolirekebisha, na bidhaa iendelee kufanya kazi. Njia nyepesi ya kutimiza sharti hilo ni kuiacha maktaba iwe faili inayojitegemea, inayopakiwa programu inapoanza, badala ya kuichanganya ndani ya faili kuu. Unapaswa pia kutoa msimbo wa maktaba yenyewe, pamoja na marekebisho uliyoyafanya, na mkataba wako na mteja usimkataze kuichunguza programu kwa ndani anapotafuta hitilafu zilizotokana na mabadiliko yake. Sharti hili la mwisho husahaulika sana, kwa sababu mikataba mingi hunakiliwa kutoka kwingine ikiwa tayari ina katazo hilo.

FFmpeg inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa leseni yake hutegemea jinsi ilivyojengwa, yaani machaguo yaliyowekwa msimbo wake ulipogeuzwa kuwa programu. Ukiweka chaguo la --enable-gpl, kifurushi kizima kinakuwa cha GPL, leseni kali zaidi inayodai msimbo wa programu yote inayosambazwa nayo utolewe. Ukiweka --enable-nonfree, kinaweza kuwa kitu usichoruhusiwa hata kukisambaza. Niliwahi kukagua programu ya kukata na kuunganisha rekodi za sauti, iliyokuwa imeingiziwa FFmpeg iliyopakuliwa ikiwa imekwishajengwa. Amri ya ffmpeg -L, inayoonyesha leseni, ilitaja GPL, na orodha ya machaguo ikaonyesha x264, ambayo kazi yake ni kubana video. Programu ile haikugusa video hata kidogo, lakini kwa ajili ya kipande hicho kisichotumika ingelazimika kuuachia msimbo wake wote. Tuliijenga upya kwa vipande vya sauti peke yake, ikarudi kwenye LGPL, na ukubwa wake ukapungua.

FFTW, ya kuchanganua masafa ya sauti, na Rubber Band, ya kubadilisha kasi na kimo cha sauti, ni za GPL, lakini wenye hakimiliki wanauza pia leseni ya kibiashara kwa wasiotaka kutoa msimbo wao. Kuinunua ni jambo la heshima. Asiyeweza kulipia FFTW anaweza kuitumia KissFFT, ambayo ni ya BSD.

Wapo wanaodhani kwamba hakuna atakayegundua. Mwaka 2005, watafiti walikuta alama za msimbo wa LAME ndani ya programu iliyowekwa kwenye CD za Sony BMG kwa lengo la kulinda hakimiliki ya muziki. Januari 2011, VLC, programu ya kucheza video na muziki, iliondolewa katika App Store ya Apple baada ya mmoja wa waandishi wake, Rémi Denis-Courmont, kulalamika kwamba masharti ya duka hilo yanapingana na GPL. Ilirudi mwaka 2013, baada ya waandishi wengi kuombwa ridhaa ya kubadilisha leseni. Mwandishi mmoja kati ya wengi alitosha kuisimamisha bidhaa nzima.

Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya mbinu aliyoibuni, ni suala jingine, na leseni ya LAME haikuwahi kumwondolea mtu deni la hataza za MP3, ambazo utoaji wake wa leseni ulikoma Aprili 2017. AAC, muundo mwingine wa kubana sauti, bado ina wadai wake. Kwa hiyo mimi bidhaa mpya ya kurekodi mazungumzo huianza kwa Opus, ambayo haidai ada ya hataza, na mteja anaposisitiza AAC, hutumia ile tu iliyomo tayari katika mfumo wa simu.