Kanda za Mjomba na wikendi za Star Wars

Kanda ya saa moja inataka saa moja ya kuihamisha. Unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire, unabonyeza kitufe, na picha zinaingia kwa mwendo uleule zilivyorekodiwa. Siwezi kuruka mbele wala kuharakisha, kwa hiyo nakaa natazama. Ndivyo jioni zangu za mwezi huu zilivyokwenda.

Kanda ni za mjomba wangu, anayeishi Orlando tangu miaka ya tisini. Kila zilipofika wikendi za Star Wars, sherehe za mashabiki wa zile filamu za vita vya nyota, kwenye bustani ya burudani ya Disney, yeye alikuwa huko na kamera yake ndogo ya MiniDV, ile ya kanda ndogo za kidijitali. Ameweka kila kitu kwenye makopo ya biskuti. Nilipomwamkia siku aliyoniletea kopo la kwanza, hakungoja hata chai: "Marahaba mpwa wangu. Haya, zitoe humu kabla hazijafa."

Wikendi hizo zilianza 1997, bustani ikiwa bado inaitwa Disney-MGM Studios, zikarudi 2000 na 2001, kisha kuanzia 2003 zikawa za kila mwaka mpaka 2015. Jina la Disney's Hollywood Studios lilikuja Januari 2008. Mashabiki walijazana huko hasa Mei na Juni, Florida inapoanza kuchemka. Waigizaji walipitishwa Hollywood Boulevard kwenye magari ya wazi, na nyuma yao waliandamana watu wa 501st Legion, chama cha mashabiki kilichoanzishwa 1997 ambacho wanachama wake huunda wenyewe deraya nyeupe za wanajeshi wa Dola, ile serikali ya maadui katika filamu. Palikuwa na maonyesho jukwaani, foleni za saini ambazo wengine walizilalia nje ya lango usiku kucha, na watoto waliopewa panga za mwanga ili wapambane na Darth Vader, yule mwovu wa filamu mwenye kofia nyeusi.

Binamu yangu, mtoto wa Mjomba, anataka nimtengenezee video fupi: magari yakipita, Peter Mayhew akipunga ule mkono wake mrefu, basi. Namwelewa. Mayhew, aliyekuwa ndani ya manyoya ya Chewbacca, alifariki Aprili 2019. Jeremy Bulloch, aliyevaa kofia ya Boba Fett, akamfuata Desemba 2020. Kuwaona wote wawili wakiwa wazima, wakicheka na watu kando ya barabara, ni jambo la kushukuru.

Lakini magari hayo yalipigwa picha na mamia ya watu, kila mmoja akiwa na kamera yake. Anayetaka kuyaona atayaona hata bila kanda za Mjomba. Kilichonishika mimi ni kile anachotaka kukikata.

Chukua kanda ya Mei 2000. Mjomba anasubiri gwaride lianze, anazungusha kamera taratibu kwa kukosa la kufanya, na barabara yote inaonekana hadi mwisho, kwenye nakala ya ule ukumbi wa sinema wa Kichina wa Hollywood. Mbele yake pako wazi. Mwaka uliofuata ilisimamishwa hapo kofia ya buluu ya mchawi, yenye urefu wa karibu mita 37, nayo ikakaa ikiziba jengo hilo mpaka ilipobomolewa mapema 2015. Mjomba hakuwa na nia ya kurekodi barabara. Alikuwa anangoja tu, na kwa kungoja kwake ninauona mtaa kama ulivyokuwa kabla ya kofia. Katika kanda za baadaye kofia imo, na unaweza kupima miaka kwa kuitazama.

Au ile foleni ya Star Tours. Mchezo wenyewe, ule wa kwanza wa chombo cha anga chenye rubani roboti mgeni kazini, ulifunguliwa hapo Desemba 1989 na ukafungwa Septemba 2010, ukaja mpya Mei 2011. Ndani ya chombo Mjomba hakurekodi kitu cha maana, giza na kutikisika tu. Nje, lakini, amerekodi foleni nzima hatua kwa hatua: mashine kubwa ya kivita yenye miguu minne iliyosimama juu ya vichwa vya watu, kile kijiji cha mitini, kisha ndani, roboti wawili wa filamu, C-3PO akilalamika na R2-D2 akimjibu kwa milio. Kamera iko kwenye usawa wa kifua, inasogea pale foleni inaposogea. Mtoto mmoja mbele yake anauliza swali lilelile mara nyingi, kama roboti zile ni watu, na kila mara babake anampa jibu tofauti. Sijui mchoro wala maelezo yoyote ya bustani ile yanayoweza kunionyesha ilikuwaje kusimama mle kama dakika hizo zinavyonionyesha.

Halafu kuna sauti ya Mjomba mwenyewe. Anazungumza Kiswahili peke yake nyuma ya kamera, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsimulia aliyebaki nyumbani. "Huyu amevaa plastiki mwili mzima na jua hili, jamani." "Wingu lile si zuri." Na kweli, baada ya muda mvua ya alasiri ya Florida inashuka, picha inageuka kuwa kiganja na kitambaa, na unasikia watu wakikimbia huku wakicheka. Shangazi yangu, mke wa Mjomba, Mungu amrehemu, anasikika akimwambia aizime hiyo kamera aje chini ya paa. Haonekani. Sauti yake iko hapo tu, wazi, ikimwita kwa jina la utani ambalo siku hizi hakuna anayemwita. Binamu alipoisikia alinyamaza, na habari ya video fupi haikurudi tena siku ile.

Watu wa nyumbani huniuliza mzee wa Mombasa aliangukiaje mambo haya ya vita vya nyota. Jibu linaanzia kwenye deki ya rafiki yake Nairobi, miaka ya themanini. Katika filamu ya Star Wars ya 1983 kuna rubani mwenye mashavu yaliyotuna, Nien Nunb, na sauti yake aliitoa mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Maneno yake mengine ni Kikuyu kinachoeleweka. Mjomba anasema sebule nzima iliruka, kanda ikarudishwa nyuma mara kwa mara wasikilize tena. Kule Marekani wasikilizaji walidhani ni lugha ya sayari ya mbali, na wao wamekaa kwenye zulia wanaielewa. Mtu aliyepata furaha ya namna hiyo angali kijana, mimi sishangai akisimama juani na kamera miaka ishirini baadaye.

Bustani za burudani zenyewe ziliwahi kujaribu kumrekodi mgeni. Universal Studios Hollywood ilifungua onyesho la Star Trek, hadithi nyingine ya safari za anga, mwaka 1988: watu walichaguliwa kutoka kwa watazamaji, wakavishwa sare, wakaelekezwa cha kusema na mahali pa kusimama, na picha zao zikachanganywa na vipande vya filamu. Ukitoka, ungeweza kununua kanda yako. Ni kumbukumbu nzuri na ninazipenda, ila ukitazama mbili tatu unaona kisa ni kimoja. Familia moja inatoka, nyingine inaingia kwenye nafasi zilezile. Mgeni yuko katikati ya picha, amevaa vizuri, na hatujui alipanda basi gani, alikula nini, alichoka saa ngapi. Kanda ya mtu mwenyewe ina yote hayo na haina maandalizi. Kwangu mimi hiyo ndiyo historia ya mashabiki, na nitaitetea mbele ya yeyote anayesema ni dakika za kutupa.

Muda, lakini, haupo. Kanda hizi hushika picha kwa utando mwembamba wa sumaku uliowekwa juu ya utepe wa plastiki, na unyevu huuharibu. Florida ina unyevu kama Mombasa. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku ambazo hazingekuwa zimehamishwa kufikia 2025 huenda zikapotea kabisa, kwa sababu kanda na mashine za kuzichezea zinakufa pamoja. Mwaka uliofuata, Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS. Kamera za MiniDV nazo hazitengenezwi tena. Ninayotumia nimeinunua imetumika, na kila inapovuta utepe naitegea sikio.

Faida moja ya MiniDV ni kwamba picha zilikuwa za kidijitali tangu mwanzo, kwa hiyo ninachotoa ni kilekile kilichomo, hakipungui. Saa moja inachukua takribani GB 13. Na pamoja na picha, kamera iliandika tarehe na saa ndani ya kanda. Mjomba hakuandika chochote kwenye nyingi ya kanda hizi, lakini nikifungua faili najua dakika wingu lile lilipopasuka.

Tumekubaliana hivi. Faili nzima zitakaa kwenye diski mbili, moja kwake, moja kwangu, bila kukatwa popote. Zile za barabara, foleni na gwaride nitaziweka wazi zikiwa na urefu wake wote, pamoja na tarehe. Za watoto wanaopambana na Vader hazitatoka. Ni watoto wa watu, leo ni watu wazima, na hakuna aliyewauliza. Binamu atapata video yake fupi, anastahili, na nimemwomba asiifute sauti ya mamake. Sehemu ya mvua Mjomba anataka aitazame peke yake kwanza, kisha ataniambia.

Jumapili anakuja na kopo jingine, la 2003 hadi 2005. Nimemwomba alete na kamera yake ya zamani, hata kama imeharibika, maana kichwa chake cha kusomea huenda bado kikafaa.